Bibi wa Kwenye Mchezo

Ushirombo, 2 Julai 1984

Mwanangu Anisia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo huko Kahama, wewe na kikundi chenu cha maigizo. Mwili wangu hauumwi, ila raha sina.

Mtoto wa jirani yangu Paskalina amefariki kwa homa. Nilipoketi msibani, wanawake walisogea pembeni. Nikifika kisimani wanajitwika ndoo hata hazijajaa. Jana mtu alisema nyuma yangu, "Tazameni macho yake." Unajua yamekuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, tangu kuni zituishie. Mwaka jana bibi wa ng'ambo ya mto alikatwa mapanga kwa neno hilo hilo, kwamba macho mekundu ni ya mchawi.

Niende wapi, nami nimezeekea hapa?

Mama yako mkubwa,
Justa

Kahama, 11 Julai 1984

Shikamoo mama mkubwa,

Barua yako niliisoma nimesimama posta. Njoo uishi nami. Kama hutaki, sisi tutakuja. Valerian, kiongozi wetu, anasema kikundi kisichothubutu kuigiza jambo linaloua watu wa kwao hakina kazi. Tunatunga mchezo: mimi bibi, yeye mganga anayemtaja mchawi. Katikati tunasimama, tunawaita watazamaji waingie uwanjani waseme uishie vipi. Mwenyekiti wa kijiji amekubali tuje Jumapili tarehe 5 Agosti, baada ya misa.

Mwanao,
Anisia

Ushirombo, 20 Julai 1984

Mwanangu,

U mzima? Nakuomba msije. Leo wananong'ona tu. Ninyi mnataka waseme kwa sauti. Wakimwona bibi wa kwenye mchezo watasema ni Justa. Jioni mtapanda gari lenu, na mimi nitabaki nao. Hilo mmelifikiria?

Mama yako mkubwa

Kahama, 7 Agosti 1984

Shikamoo mama mkubwa,

Unaendeleaje? Barua yako ya kutukataza niliipata, hata hivyo tukaja. Niligonga kwako, hukuitika. Acha nikueleze yaliyotokea uwanjani.

Valerian aliponinyooshea kidole, mwanamume mmoja alipiga kelele, "Mmalizeni!" Baadhi wakacheka. Kisha wengine wakaipokea sauti ile, na hao hawakuwa wakicheka. Nikasahau maneno yangu yote. Valerian akauliza, "Nani ataingia aseme uishie vipi?"

Akaingia Paskalina. Nilidhani anakuja kunipiga. Akavua kanga ya begani, akanifunika, akaketi chini mbele yangu. "Mtoto aliyekufa ni wangu," akasema. "Mimi sijamtaja mtu. Ninyi mnamtaja kwa ajili ya nani?"

Watu walitawanyika hivyo hivyo, mchezo haujaisha, na dereva akatuhimiza tuondoke. Nimekuacha, kama ulivyosema. Sili, silali. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao Anisia

Kahama, 30 Agosti 1984

Shikamoo mama mkubwa,

Hujanijibu. Dizeli hakuna, magari yamesimama. Kila anayetoka huko namuuliza, na kila mmoja anasema hajui. Upo?

Mwanao

Ushirombo, 9 Septemba 1984

Mwanangu Anisia,

Nipo. Sikuandika kwa sababu niliogopa hata kutembea mpaka posta.

Baada ya mchezo wenu Paskalina alihamia kwangu na mkeka wake. Mumewe alimgombeza, hakusikia. Wiki iliyofuata, alfajiri, wakaja wanaume wawili wamejipaka masizi usoni, mapanga mkononi. Nilijua nimekwisha. Paskalina akafungua mlango, akainua kibatari, akawatazama. "Maduhu, leo hunisalimii? Na wewe Mageni, mbona hukupiga hodi?" Waliposikia majina yao wakakimbia. Kulipokucha akayataja tena mbele ya mwenyekiti. Inasemekana wametorokea machimboni Geita. Kama watarudi, sijui. Mbwa akibweka naenda kukagua komeo la mlango.

Lakini wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani wanaurudia mchezo wenu, wanautafutia mwisho. Waliniambia, "Mayu, mama yetu, wewe uwe bibi." Nikakataa; Paskalina ndiye bibi, mimi nimekuwa mganga. Nikimnyooshea Paskalina kidole, hakuna anayecheka.

Jumapili ijayo tunaupeleka kijiji cha pili. Kuna mjane huko, Euphrasia, ameambiwa ahame kabla ya mvua. Tutalala kwake, mimi na Paskalina. Usidhani nimeacha kuogopa. Dizeli ikipatikana, njoo na Valerian. Hatuna mpiga ngoma.

Mama yako mkubwa,
Justa