Ini la Ijumaa Kuu

Nyarubungo, Jumamosi

Dada Veronika, shikamoo. Mimi mzima, ila kukwama huku kumenichosha. Malori yamechukuliwa vitani, mvua haikatiki, na Mzee Mabula, Msukuma aliyenipa hifadhi, ameamua kunishibisha kwa nguvu.

Jana, Ijumaa Kuu, nimefunga na tumbo linanguruma, akachinja mbuzi kuiomba mizimu ya kwao imlinde Masanja, mwanawe aliye mstari wa mbele. Akaniwekea ini lote. Nikakataa, akanuna.

"Nyama yetu unaiona najisi?"

"Hapana, mzee. Hata angeichoma padri, leo siili."

Nilimweleza mateso ya Yesu mpaka sauti ikanikauka. Mwishowe akawaamuru wanawe wakale nyama nje, nisisumbuliwe na harufu. Mkewe akanipikia michembe, vile viazi vikavu ambavyo nimevila wiki nzima mpaka nimevichukia.

Jioni nilipotoa rozari, mzee akasogea. "Huyo wako anaweza kumwangalia na Masanja?"

"Anaweza."

Akauliza kwetu nani yuko vitani. Nikamtajia kaka yetu Leonsi. Papo hapo akatoka kwenda kumkabidhi kwa mizimu yake, bila hata kuniuliza kama naafiki. Niliudhika, nikamfuata mlangoni nimzuie. Nikamkuta analowa mvuani, akimwombea mtu asiyemjua. Nikarudi ndani, nikaanza kumwombea Masanja.

Pasaka iwakute wazima, dada, na mlangoni kwenu zibishe hodi habari njema tu.

Mdogo wako,
Deo