Cheti Nilichokuandikia

Mpendwa dada,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitako na ile damu imepungua hata kidogo. Kiuno je? Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa, lakini bado ana nguvu za kunigombeza kwamba nguo zangu zinanuka dawa za maabara.

Barua yako nimeipata, pamoja na nakala ya cheti. Unasema madaktari wa huko wamekwambia una saratani ya mlango wa kizazi na uanze mionzi Jumatatu, nawe umewagomea. Umewajibu kwamba miaka sita iliyopita ulipimwa ukaonekana huna kitu, na aliyekupima ni mdogo wako wa damu. Utamwamini yeye kuliko watu usiowajua. Niliposoma hapo niliweka barua chini, nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi.

Unauliza ugonjwa mkubwa hivi umetoka wapi ghafla. Haukutoka ghafla, dada. Bosi wetu alinieleza hivi nilipoanza kazi: kila seli ya mwili huishi kwa kupokea amri. Gawanyika, tulia, na ikiharibika, jiue. Kirusi cha papiloma, kinachoambukizwa kitandani, wengi wetu hukipata, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Kikikaa miaka, hutengeneza protini mbili, E6 na E7. Ya kwanza humkamata mlinzi, yaani ile protini inayoiamuru seli mbovu ife, ikampeleka akasagwe. Ya pili huishika breki inayozuia seli zisigawanyike ovyo. Inabaki amri ya kukua peke yake, na seli inaitii tu, na wewe husikii hata kuwashwa. Kilitoka kwa nani, hakuna daktari wa kukwambia, kwa hiyo usianze kumtolea macho shemeji.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Sheria yetu ni kwamba kioo chenye seli za ndugu yako hukisomi, unampa mwenzako. Chako nilikichukua mwenyewe, maana sikutaka wakujadili wakati wa chai. Nilikiweka chini ya hadubini nikiwa nimeshaamua kwamba wewe ni mzima. Nikaziona. Seli zenye viini vikubwa, vyeusi, vilivyokunjamana, tena si moja wala mbili. Nikaziwekea nukta za wino juu ya kioo, kama tunavyofanya kila siku, ili bosi azitazame.

Kisha nikakumbuka una miezi minne tu kwenye ndoa, na shemeji alikuwa anataka kukisoma cheti kwa macho yake. Neno kirusi lingetosha kukurudisha kwa mama na mabegi yako. Nikalowesha pamba kwa spiriti, nikazifuta nukta zote, nikaandika kwamba hakuna kasoro. Nilijiambia baada ya miezi sita nitakuita upimwe tena kimyakimya. Shemeji akahamishwa kikazi. Ukajifungua, nikaja kukuona, tukacheka hadi mbavu zikauma, nikarudi bila kusema. Kila mwaka ulipopita, kusema kukawa kugumu zaidi. Wakati ule ungetibiwa asubuhi na mchana ukawa jikoni kwako. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jana nilikitoa kioo chako stoo, nikazirudishia nukta, nikampa bosi na kumweleza yote. Alikitazama muda mrefu. Hakunifokea, alisema tu niache funguo za kabati mezani. Kazi imekwisha, na siililii.

Dada, wanayokwambia madaktari ni kweli. Sijui kama mionzi itakuponya, sitakudanganya mara ya pili. Ila bila hiyo najua mwisho wake, nimeuona kwenye vioo vya wengine. Nichukie, una haki, lakini nichukie ukiwa umelala chini ya ile mashine. Jumatatu nenda. Ukitaka nikusindikize nitakuja. Ukitaka usinione tena, nitakuelewa.

Mama bado hajui. Nitamwambia mwenyewe, usijitwishe hilo.

Msalimie shemeji, na wanangu wote uwabusu kwa niaba yangu. Wasipouliza habari zangu, usiwalazimishe.

Ni mimi, mdogo wako, mwenye sahihi iliyo kwenye cheti hicho.