Salamu za Shemeji Mwasiti

Eksjö, Uswidi, Mei 1910, mwaka wa kumi na moja tangu niondoke Rumonge.

Mdogo wangu Alimasi, amahoro, amani iwe nawe.

Mji huu wa askari ni wa mbao tupu, hata ghorofa zake, na kila mtu hunusa moshi kabla ya kulala. Nami nimezoea kunusa.

Jana yule Mjerumani uliyempa salamu alifika kambini. Akasema, "Shemeji yako Mwasiti anakusalimu."

"Useme 'mkeo', si 'shemeji yako'," nikamrekebisha.

Akacheka. "Hapana, mzee! Alimasi alirudia: shemeji yako."

Mke wangu ni shemeji yako wewe. Atakuwaje shemeji yangu mimi, kama hujamwoa? Labda mlidhani nimekufa. Lakini maiti hapelekewi salamu.

Nilikuwa nimeshafunga sanduku la safari ya kurudi, nikiwaota ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu Magara. Mwambie Mwasiti nimempa talaka. Akimaliza eda, mfunge ndoa ya halali.

Mimi kaka yako Mustafa sitarudi.