Amina ya Uongo

Dada Tumaini mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje, na Mama anameza dawa zake au bado anazificha chini ya mto? Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka, na ni wewe tu naweza kukuambia.

Unajua bosi wangu, Madamu, ni Mmarekani. Sasa mdogo wake wa kike, mwalimu, aligombea ubunge kule kwao. Jimbo lao lina viti vingi, na karibu vyote hubebwa na chama kimoja mwaka nenda mwaka rudi, mambo tunayoyajua sisi. Yeye ni wa chama kile kingine, lakini safari hii wakasema ana nafasi. Madamu akabandika ramani ya viti vyote kwenye friji, akaniambia, "Neema, akishinda narudi nikamsaidie kazi. Tuombee."

Tuombee! Dada, nyumba hii ya Qurum, huku kwa Waarabu, ikifungwa, na bataka yangu, kile kitambulisho cha kukaa huku, khalas. Nitarudi Muheza na begi langu, na dawa za Mama atanunua nani?

Ijumaa, ndiyo siku yetu ya ibada huku, nikalipeleka ombi kwa wenzangu wa kanisani. Wakafunga siku tatu, watu wanaosugua vyoo kutwa nzima, wakimlilia Mungu ampe ushindi mwanamke wasiyemjua. Nami nimepiga magoti katikati yao, naitikia amina kwa sauti kuliko wote. Moyoni nasema, Bwana, aanguke.

Matokeo yalitukuta asubuhi, nakaanga mayai. Kila kiti kikitangazwa, Madamu anakipaka rangi kwa kalamu za mwanawe. Nyekundu, rangi ya kile chama kinachobeba vyote, nyekundu, nyekundu tena. Kikabaki kimoja cheupe, cha mdogo wake. Simu ikaita. Akasikiliza, akaichukua ile nyekundu, akapaka taratibu mpaka akamaliza. Kisha akanikumbatia, akalia. "Asante kwa kufunga, Neema. Siondoki tena. Afadhali nina wewe."

Nikasema, "Pole, Madamu." Mayai yakaungua. Tangu siku hiyo ananiita sista, na mimi namkwepa jikoni kwangu mwenyewe.

Nisalimie shemeji, na shangazi Ruthi wa genge la nyanya. Mama nilimwambia kwenye simu kwamba kazi imebaki, akapiga vigelegele. Anataka Jumapili asimame kanisani atoe ushuhuda wa maombi yangu. Dada yangu, nakusihi, mzuie. Mwambie chochote.

Mdogo wako akupendaye,
Neema