Seli Zimeshika, Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeiandika ingawa najua marahaba yako sitaisikia. Niko kwangu Sinza, kwenye chumba kilekile ulichosema ni kizuri ila hakina watu.

Unakumbuka ulivyowatangazia majirani wa Tandika kwamba mwanao yuko seli? Nilikuwa nimekueleza kwa simu kuwa nimepata kazi ya maabara, ya kukuza seli, nawe fahari ikakushinda. Lakini wao seli waliyoijua ni ile ya polisi. Nilipofika jioni nikawakuta wamejaa barazani, nyuso za msiba, na Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili kaleta na mchele.

"Pole mwanangu," akaniambia. "Wamekutoa kwa dhamana?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilinuna, maana mtaa mzima ulishanifunga.

Ikabidi nieleze kazi yenyewe. Kwamba tunatengeneza kiunzi cha plastiki laini, chenye vitundu kama sifongo, ili seli za ngozi zijishikize humo, ziongezeke, na siku moja kimfae mtu aliyeungua. Kwamba seli zikiwekwa kwenye plastiki tupu haziitambui. Zinaelea tu, na seli isiyoshika mahali hufa. Kwa hiyo tunakipaka kiunzi peptidi, vipande vifupi vya protini vinavyofanana na vile seli ilivyozoea kuvikuta mwilini. Ikivigusa, inatulia.

Ulikuwa unachambua ule mchele, hukuinua hata uso. "Kumbe zinataka mwenyeji tu," ukasema. "Hata mie nilivyotoka Newala, bila Bi Mwanaidi kunipokea ningekaa mji huu? Ningerudi na basi lilelile."

Tangu hapo kila ulipopiga simu, kabla hujauliza nimekula nini, ulikuwa unauliza: "Wageni wako wamekaa?" Nami nikawa najibu, "Bado." Tulibadilisha kipimo cha peptidi, tukabadilisha namna ya kuipaka, ikawa inabanduka kiunzi kikilowa. Umeondoka, mama, nikiwa bado najibu "bado".

Tangu tukuzike nimekuwa mtu wa kazini na kitandani. Nilidhani nina watu wengi. Kumbe walikuwa wako, mimi nilipokelewa kwa jina lako. Muziki wa baa unanifikia hadi dirishani, na jirani wa mlango wa pili simjui hata jina. Nina upweke, mama, na sina namna nyingine ya kuusema.

Leo asubuhi nimeangalia kwenye hadubini. Seli hazikuwa viduara vinavyoelea. Zilikuwa zimetandaa, zimetoa vijimkono, zimeng'ang'ania kiunzi. Nikakisuuza, nikakisuuza tena, hazikutoka. Wenzangu wakapiga makofi, kisha kila mtu akarudi mezani kwake.

Nikatoka nje, na kabla sijafikiri nikawa nimeshapiga namba yako. Ikaita. Akapokea mwanamke nisiyemjua. Nadhani laini yako wameshampa mtu mwingine. Nyuma yake nilisikia watoto wakicheka na vyombo vikioshwa.

"Haloo," akasema, kwa upole tu. "Nani mwenzangu?"

Nilisimama pale na simu sikioni, mama, nikatafuta jina la kumtajia zaidi ya lako, nikakosa.

Nakuaga kwa leo. Mungu akulaze pema.

Mwanao wa pekee