Gari la Kengele Linaondoka

Baba,

Salamu ninayokuletea ni ile tunayowapa watu wa makaburini, maana ya kubisha hodi haikufai tena. Ni mimi Zuwena, mwanao. Nimekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, na gari lako la moshi la kuchezea liko mbele yangu, limekamilika: kichwa, mabehewa, reli na ufunguo. Keshokutwa linaondoka katika nyumba hii. Sikutaka uambiwe na mgeni atakayeletwa huko wiki ijayo. Nimetaka ulisikie kwangu, mimi niliyekubali.

Usikasirike kwanza. Wewe ulikuwa hodari wa kukasirika mwanzo na kuuliza mwisho.

Nikilitazama gari hili naliona duka letu la michezo, Mkunazini, Unguja. Watoto wa wenye nacho waliingia na baba zao, na wasio nacho walibandika pua kwenye kioo, nawe hukuwafukuza. Ukitoka nje, ukichuchumaa nao, ukianza hadithi. Tuliisikia mara nyingi mpaka tukawa tunakutangulia maneno. Kwamba huko kwenye nchi ya baridi palikuwa na fundi wa makopo ya biskuti, karakana yake iko nyuma ya stesheni. Siku moja bati lilimbakia, akalikunja likawa behewa. Ndiyo maana magari yake ya kwanza, ukiyapindua, unakuta maua ya biskuti kwa ndani. Akayapiga chapa ya kengele ubavuni, kwa kuwa kengele ya stesheni ndiyo iliyokuwa ikimwamsha. Jina lao halisi lilikuwa refu, ulimi wetu, ukitolewa wako, haukuliweza, na Unguja nzima ikawaita Kengele tu.

Kisha anakuja yule mwanawe, aliyetia kamani na ufunguo ili gari lijiendee lenyewe. Kisha vita, na kiwanda kikaamrishwa kiache michezo kifue maganda ya risasi. Hapo ulikuwa unashusha sauti. Vita vilipokwisha, chuma kizuri kilikuwa hakipatikani, wakayayeyusha makorokoro ya kila namna wakayamimina yakawa magurudumu. "Magurudumu ya miaka hiyo yana maradhi," ulikuwa ukisema, "yanapasuka yenyewe, na joto ndilo linaloyaua." Baadaye wakaleta magari ya umeme, nawe ukakataa kuyauza. "Kitu kisichotiwa ufunguo hakina mwenyewe." Nilikuwa mdogo, nikaona ni neno kubwa. Sasa naona ulikuwa na kiburi cha wakala wao wa Unguja, basi.

Na kabla ya yote hayo, ulikuwa wewe, mtoto wa kanzu fupi, ukilikimbilia gari la moshi la kweli, lile la Bububu, lililokwisha kung'olewa kabla sisi hatujazaliwa. Nadhani maisha yako yote ulikuwa unalikimbilia lile.

Baba, nitalisema sasa, kwa sababu ukiwa hai hapana aliyethubutu.

Mwaka ule wa sitini na nne, tulipoambiwa tuondoke na kwamba melini kila nyumba ina nafasi ya sanduku moja, mama alikuwa ameshaiweka cherehani yake mlangoni. Ile ya mkono, aliyopewa harusini. Ameifunga kwa kanga mbili, ameipiga fundo. Ukatoka chumbani na sanduku la Kengele kichwani. Mama akakutazama. Ukamwambia, "Cherehani iko kila mji, mke wangu. Hii haipo." Ulikuwa umeshapanga kwamba Kengele watakupa uwakala wa Maskati. Mama alifungua fundo, akajifunga kanga moja na kujitanda ya pili, na cherehani akaiacha barazani, uchi. Nimeona mengi siku zile, Baba, na Mungu ayafute. Lakini ninaloliota ni ile cherehani juu ya baraza.

Tukafika Matrah, bandari ya Maskati. Ukavaa kanzu yako nzuri, ukalichukua gari ukazunguka nalo sokoni kwa wafanyabiashara. Watu wa mji usio na barabara, usio na taa, ambao hapana mtoto wala mzee aliyewahi kuona reli. Yule tajiri wa nguo akalipindua, akachungulia ndani, akakuuliza, "Linabeba nini?" Ukarudi nyumbani unacheka. Ulicheka sana siku ile, mpaka mama akakuletea maji.

Cherehani haikuwapo. Iliyokuwapo ilikuwa ya wenyewe, haikodishwi wala haiazimwi. Mama akashika sindano. Kofia za viua, kitundu kwa kitundu, ndani ya nyumba ya barasti, makuti matupu, yenye mwanga wa kuchungulia. Hamed, mwanao uliyemtaka awe mwalimu, akaenda bandarini kubeba magunia ya mchele. Na kila Ijumaa, ukirudi msikitini, unatandika reli juu ya mkeka, unatia ufunguo, gari linazunguka duru moja. Duru moja tu. Halafu unalipangusa na kulirudisha sandukuni, na hapana ruhusa ya mtu kulitia mkono. Hamed alikuwa akitoka nje. Ulidhani anakwenda kuzungumza na wenzake.

Homa ilipokushika, neno lako la mwisho lenye akili lilikuwa: "Msilitenganishe."

Tumekuzika, matanga yamekwisha, sheikh akaja kutugawia. Akauliza umeacha nini. Nguo zako, saa mbovu, msahafu, na gari. Mimi nikamwambia wasia wako. Sheikh alikuwa mtu mpole, alisikitika. Akasema, "Binti yangu, hakuna wasia kwa mrithi. Lau angempa mmoja wenu mkononi akiwa hai, hiyo ni hiba, nami nisingekuwa na neno. Sasa ni mirathi, na mirathi hata sindano inagawiwa. Ila mkiridhiana wote."

Mtu wa sala kama wewe, Baba, hukulijua hilo? Ulilijua. Ulishindwa kulitoa mkononi, ndilo lililokuwa.

Mama akasema nimeridhia. Mimi nikasema nimeridhia. Hamed akaiweka mikono yake magotini, mikono ile yenye sugu za magunia. Kisha akasema, "Gari hili lilitutenganisha na cherehani. Nalo n'nataka litenganishwe."

Ndivyo ilivyokuwa. Saa na msahafu vilipata njia yake. Gari likakatwa mbele ya macho yetu bila ya kisu. Mama thumuni yake akapewa mabehewa. Hamed fungu la mwanamume: kichwa na ufunguo. Mimi reli. Nikazifunga kwa gunia nikazilalia chini ya godoro. Kichwa kisicho na reli, reli zisizo na kichwa. Ami Seif, nduguyo, aliyekuja kutoka Quriyat kusimamia, alikuwa akitikisa kichwa tu.

Mwezi haukupinduka, Hamed akaondoka kwenda Kuwait, kwa kificho kama vijana wote wa hapa walivyokuwa wakiondoka. Hakuniaga vizuri. Alimbusu mama kichwani, akanipita. Nikasema moyoni, atakiuza kile kichwa soko la kwanza atakalolifikia, na iwe heri. Nilimchukia, Baba. Nilikuwa na sababu, nikafikiri zinatosha.

Mwaka jana Hamed akaanguka kutoka juu ya jengo walilokuwa wakilijenga. Wamemzika huko huko. Aliyetuletea khabari ni kijana wa Quriyat, mtu wa kwao Ami Seif, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Hamed. Alikuja na begi dogo. Ndani mna shati, mswaki, na kichwa cha gari kimefungwa kwa kitambaa, na ufunguo una kamba ya kuvaa shingoni.

Yule kijana hakujua kama anasema neno zito. Akatusimulia ili tuchangamke. Kila Ijumaa Hamed alikuwa akikitia ufunguo kile kichwa na kukiachia kwenye sakafu ya saruji. Hakina reli, basi kinakwenda upande upande mpaka kijigonge ukutani, na wenzake wote wanacheka. "Akituambia, chekeni tu, baba yangu alikuwa wakala wa hawa."

Nilikipindua, Baba. Rangi imechunika, kengele ya ubavuni haionekani. Gurudumu moja limepasuka, yale maradhi uliyoyasema, na joto la Kuwait halina mchezo. Hamed amelifunga kwa waya wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, kazi safi ya mtu mwenye subira. Nililia mpaka majirani wakaja, wakidhani khabari ndiyo kwanza imefika.

Ami Seif alikuwa na haki yake katika kile kichwa. Akasema, "Mimi na bati wapi na wapi? Fungu langu nimewaachia." Hivyo ndivyo gari lilivyokamilika. Mirathi ya kwanza ililitawanya, na ya pili ikalirudisha. Ulitaka lisitenganishwe, nalo limeungana tena, tumetenganishwa sisi.

Na mama haoni tena. Ilianza kwa vitundu kuingiliana, akawa ananiita nimtungie uzi, kisha akawa anatunga kofia kwa kupapasa. Sasa anakaa pembeni mwa chumba na vidole vyake havitulii. Kofia nazishona mimi, na jioni macho yangu nayo yanawasha. Naogopa, Baba. Sijamwambia mtu mwingine.

Mwaka huu mambo yamebadilika ghafla. Mtawala ni mwengine, malango ya mji hayafungwi tena jua likizama, na jamaa zetu waliotawanyika wameanza kuitwa warudi. Wazungu wamejaa, wanapima barabara. Mmoja wao, mhandisi, mkewe ananunua kofia zetu za kupeleka kwao. Wiki iliyopita yule mhandisi alikuja mwenyewe kuzichukua. Nilikuwa nimeanika reli juani, nazipaka mafuta. Akasimama kama aliyeona nyoka. Aliwahi kukaa Mombasa, anakijua Kiswahili kile cha kuamrishia watu, lakini siku ile aliuliza kwa adabu: "Mama, hii chapa ya kengele?"

Kisha kwa lugha yake alitamka lile jina refu, kama ulivyokuwa ukilitamka wewe. Nikashtuka. Nikamtolea sanduku lote. Alipiga magoti mchangani na suruali yake ya pasi. Naye utotoni alikuwa nalo. Ndiye aliyenipa mwisho wa hadithi yako, Baba, kaa chini uusikie. Wajukuu wa yule fundi walikosana. Mmoja akachukua jina, mwengine mitambo, wa tatu kiwanja. Jina likapigwa chapa kwenye wanasesere wa plastiki, mitambo ikauzwa chuma chakavu, na kiwanda siku hizi ni ghala la viazi. Haya yalikuwa yameanza zamani, tangu wewe ungali unauvalia kanzu uwakala wa Maskati. Wao nao waligawana. Wala hawakuwa na sheikh wa kumlaumu.

Akataka tulijaribu. Nikatandika reli ndani juu ya mkeka, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikatia ufunguo. Lile gurudumu la waya linagonga kidogo kila likizunguka: tak, tak, tak, haraka haraka, sawasawa. Mama alikuwa pembeni kwake. Alinyanyua uso. Mkono wa kulia ukaanza kuzunguka hewani, polepole, na wa kushoto ukawa unasukuma nguo isiyokuwapo. Uso wake ukafunguka, Baba, sijauona hivyo tangu Unguja.

"Zuwena," akasema, "cherehani yangu imerudi?"

Gari likasimama. Mkono wake ukasimama. Mzungu akainama chini, nami nikaanza kuzikusanya reli.

Alipotoka nilimfuata nje. Alikuwa ameshataja fedha, nikazikataa, akafikiri nataka zaidi. Nikamwambia, "Sitaki fedha. Mkeo ana cherehani ya mkono, nimeiona kwenu. Niletee hiyo, uchukue gari. Na kwa sharti moja: lisitenganishwe. Reli, mabehewa, kichwa, na ule waya wa shaba usiufungue kutia gurudumu jipya." Alinipa mkono. Aliufahamu waya, nadhani, kwa sababu hakuuliza.

Najua utasema nimeuza urithi. Sivyo. Nimerudi pale barazani Mkunazini, nimeliweka chini sanduku, nimeinyanyua cherehani. Ami Seif anasema mama haoni, cherehani ya nini? Hajaviona vidole vyake. Hata akiishia kushona mshono mmoja ulionyooka kwa kupapasa, na uwe wake. Nitampa mkononi, mbele ya majirani wawili, hiba, nikiwa hai naye yu hai. Hapana sheikh atakayeigawa.

Zile kanga mbili zipo bado, zimechakaa lakini zipo. Nimezifua leo.

Lala, Baba. Mungu akurehemu, akukutanishe na Hamed, na mkikutana muache yeye aseme kwanza. Nakuahidi mawili. Keshokutwa asubuhi, kabla mzungu hajafika, nitalitia ufunguo mara ya mwisho, duru moja tu, nilipanguse na kulifunga. Halafu nitaiweka cherehani mapajani mwa mama, na akiniuliza tena lile swali, nitamjibu.

Mwanao,
Zuwena