Kura Mbili za Mjomba Gaylen

Varley, 9 Februari 2016

Mjomba Gaylen,

Shikamoo. Habari za huko Mji Mkuu, na goti lako linasemaje na baridi hii? Sisi tu wazima. Mama kikohozi hakijamwachia, na upepo ukitoka upande wa mabanda ya nguruwe hatufungui mlango mpaka ugeuke. Anakusalimu sana, anasema ule mboga, si donati za wabunge tu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ulinionya mwenyewe kwamba barua pepe za mbunge ni mali ya umma, mwandishi yeyote anaweza kuziomba. Na katika wilaya hii mwandishi ni mimi peke yangu.

Safari hii una mpinzani. Miaka yote umepita bila kupingwa, na gazeti letu kazi yake ilikuwa kuchapa picha yako na kukutakia heri. Sasa Twyla Brandvold, daktari wa mifugo, anagombea nawe kwenye mchujo wa chama mwezi Juni, na mwenye gazeti amenipa kazi ya kuandika rekodi ya kila mmoja. Yake fupi, hajawahi kushika cheo. Yako imenikalisha kitako.

Kuna jambo limenikwama. Ile sheria ya mwaka jana, iliyowanyima majirani wa mabanda ya nguruwe haki ya kushtaki kwa ajili ya uvundo na mainzi, ndiyo iliyoua kesi ya Mama. Jaji alisema mikono yake imefungwa. Mabanda yamejengwa juzi tu. Nyumba ilijengwa na babu yenu, na wewe mwenyewe umezaliwa chumba cha nyuma. Kumbukumbu za Bunge zinasema ulipiga kura ya ndiyo. Lakini siku ile, Mjomba, tulikuwa tunamzika Baba. Ulibeba jeneza. Ulishinda kwetu mpaka jioni, ukala keki ya kila mama wa kanisa ili asinune mtu.

Sasa kura hiyo aliipiga nani?

Mpwa wako,
Joleen


Mji Mkuu, 20 Februari 2016

Mpwa wangu Joleen,

Marahaba, mwanangu. Goti linalalamika kama mpiga kura. Nimefurahi kusikia mko wazima, na mwambie dada yangu mboga nakula, hata kama ni zile zilizokaangwa.

Wewe kweli ni mtoto wa baba yako, hukosi kuona uzi uliochomoka kwenye koti la mtu. Basi nitakwambia, ila nakwambia kama mpwa, si kama gazeti.

Humu ndani tunakaa wawiliwawili. Kila dawati lina watu wawili, na kila mtu ana vitufe vyake, kijani cha ndiyo na chekundu cha hapana. Mimi nimekaa na Royce Lindgaard tangu tulipoingia, sote vijana wenye nywele. Mtu akienda msalani, au akiitwa nje na mgeni, mwenzake anambonyezea. Kanuni zinakataza, ndiyo. Lakini mtu akifungua kanuni hizo hapa watu watacheka. Ndivyo tunavyoishi. Siku ile ya mazishi Royce alinibonyezea, na kwa kuwa wilaya yake ni ya nguruwe watupu, alibonyeza kijani kama alivyobonyeza cha kwake. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani ananisitiri nisihesabiwe mtoro.

Utaniuliza kwa nini sikusahihisha. Mbunge anaweza kupeleka taarifa iandikwe kwamba angepiga kura vingine. Lakini ningesemaje bila kumtaja Royce? Na sheria ilipita kwa kura nyingi mno, yangu isingegeuza kitu. Nikanyamaza.

Tafadhali, hilo liache. Andika kuhusu daraja nililowaletea. Andika kuhusu basi la shule nililolipigania.

Mjomba wako,
Gaylen


Varley, 4 Machi 2016

Mjomba,

Shikamoo, na pole na goti. Huku theluji imeanza kuyeyuka, matope yametushika mpaka magotini. Mama anatembea vizuri, anakohoa vilevile.

Daraja nimeliandika. Basi la shule nimeliandika pia, na kwamba miaka minne baadaye ulipiga kura ya kuifunga shule ambayo basi hilo lilikuwa likienda. Nimeandika kwamba sheria pekee yenye jina lako ni ile ya kuyatangaza mahindi matamu kuwa mboga rasmi ya jimbo. Nimeandika kuhusu safari ya kuwinda bata kwenye nyumba ya mapumziko ya kampuni ya nguruwe, ambayo ulisema ilikuwa ya kikazi, na picha ile uliyoshika bata wawili ukicheka. Nimeandika kwamba hukuwahi kukosa mazishi, maonyesho ya kilimo wala mahafali, na kwamba simu zako unapokea mwenyewe. Hilo nalo ni rekodi.

Na hilo la Royce nimeliandika.

Nilimpelekea Mama kwanza, kwa sababu ni kesi yake na kaka yake. Alisoma akiwa amesimama jikoni. Sikumficha kitu na sikumshawishi. Alinirudishia akasema, "Chapa. Nilikuwa nadhani ameniuza. Kumbe hakuwepo hata kwenye mnada." Kisha akaenda kulisha kuku. Sijui kama alikuwa amefarijika au amekasirika zaidi, na sikumuuliza.

Linatoka Alhamisi. Sikutaka ulikute gazeti dukani.

Mpwa wako,
Joleen


Mji Mkuu, 19 Machi 2016

Bi. Joleen,

Nimepata nakala ya gazeti lenu. Natumaini mnaendelea vema kiafya.

Spika ameniita. Royce ameitwa pia, mtu mwenye shinikizo la damu. Tumekaripiwa mbele ya kamati kama watoto walioiba sukari, na waliotukaripia wote wanabonyezeana. Jioni Royce alinilipia chakula, hakusema neno moja la kunilaumu. Ningeomba ulijue hilo.

Nilikufundisha kuendesha gari. Sikujua nafundisha mtu wa kunigonga.

Gaylen Tebbe
Mbunge


Varley, 22 Aprili 2016

Mjomba,

Shikamoo. Najua umekasirika, na wewe unajua sitaomba radhi, basi hilo tuliweke kando. U mzima? Goti? Jumapili ya Pasaka tulikuwekea sahani, ikabaki.

Nina habari itakayokuchekesha hata kama hutaki. Nilidhani nimekumaliza. Kumbe pale mgahawani wazee wamesoma makala yote na kilichowaingia ni kimoja tu: Gaylen aliacha Bunge akaenda kumzika shemeji yake. Twyla amekuja ofisini kwetu amekunja uso, anasema nimekupigia kampeni. Watu wa hapa ndivyo walivyo, nami nimezaliwa hapahapa, sina wa kumlaumu.

Sasa lililonifanya niandike. Tumesikia kuna mswada umeletwa wa kurudisha haki ya kushtaki kwa wale ambao nyumba zao zilikuwepo kabla ya mabanda. Wakili wa Mama anasema ukipita, kesi inafufuka. Usipopita, basi tena. Kampuni imeleta ofa ya kuinunua nyumba, inaisha mwisho wa Mei. Mnunuzi mwingine hakuna, nani atanunua nyumba ambayo hawezi kunywa kahawa barazani? Mama hataki kuuza. Anasema atasubiri Bunge lipige kura, akiona mlango umefungwa kabisa ndiyo atatia sahihi.

Hajawahi kukuomba kitu tangu uwe mbunge. Ananiambia nikuandikie hivi, kwa maneno yake: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Safari hii uwepo.

Mpwa wako,
Joleen


Mji Mkuu, 2 Mei 2016

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, hasira imepungua, uzee umebaki. Ile sahani ya Pasaka imeniuma kuliko makala. Nilikaa chumbani kwangu huku nikala mkate na jibini, mtu mzima mwenye wajukuu.

Mwambie dada yangu Marlys nimesikia. Nimeuhesabu mswada huo kila upande, utakuwa wa kubanana sana, kura moja huku au kule. Watu wa kampuni wamejaa varandani, wananishika bega. Mmoja amenikumbusha bata. Nimemwambia bata nimeshamla.

Nitakuwa kwenye kiti changu. Hata msalani sitakwenda. Nitabonyeza kijani kwa kidole changu mwenyewe, na mkitaka njooni mtazame kutoka roshani. Ile nyumba ni yangu pia. Mama yetu alifia pale, na nikiota ndoto huwa niko pale.

Mjomba wako akupendaye,
Gaylen


Mji Mkuu, 13 Mei 2016

Mpwa wangu Joleen,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Marlys pia. Najua matokeo mmeshayasikia redioni. Nataka mjue yalivyokuwa, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalichimba, maana utalichimba tu.

Asubuhi ile Royce aliitwa nyumbani, binti yake alikuwa anajifungua mapacha kabla ya siku zao. Koti kalivaa kinyume. Akiondoka aliniinamia, akasema, "Nguruwe wakija, nibonyezee chekundu." Nikamwambia nenda salama, usiwe na wasiwasi.

Zamu ya nguruwe ilipofika, nilibonyeza changu kijani, kama nilivyoahidi. Halafu nikabonyeza cha Royce chekundu, kama nilivyoahidi.

Kura zililingana. Zikilingana, mswada unakufa.

Nilikaa pale nikitazama ubao mpaka ukazimwa. Joleen, ungenitaka nifanye nini? Mtu ameniamini na kura ya watu wake. Alinibonyezea miaka yote, akakaripiwa kwa ajili yangu, akaninunulia chakula. Ahadi ni deni. Ningebonyeza kijani kwa jina lake ningekuwa mwizi. Kura yangu nilimpa dada yangu, yote. Ya Royce haikuwa yangu kuigeuza.

Nimelia, nakwambia ukweli. Mweleze Marlys taratibu, wewe unajua kumweleza. Nimempigia simu mara kadhaa, hapokei.

Mjomba wako,
Gaylen


Varley, 17 Juni 2016

Mjomba Gaylen,

Shikamoo. Hongera kwa kushinda mchujo. Mama naye amesema nikupe hongera, kwa hiyo hizo ni mbili. Twyla alishinda huku kwetu tu, kwenye nyumba za karibu na mabanda. Kwingine kote ni wewe.

Mapacha wa binti ya Royce nimesikia wanaendelea vizuri. Nafurahi kwa dhati.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu tulikuwa tunahamisha vitu. Mama alitia sahihi siku ya mwisho ya ofa. Amepata chumba na jiko mjini, juu ya duka la kinyozi, na kikohozi kimepungua tangu wiki ya kwanza. Kuku amempa jirani. Kabati la bibi halikuingia kwenye ngazi, tumeliacha kanisani, ukilitaka kalichukue.

Barua yako nilimsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kuhusu vile vitufe. Aliuliza, mtu asipobonyeza chochote inakuwaje. Nikamwambia huhesabiwa hayupo, basi. Akauliza kama Royce angekasirika. Nikamwambia labda, siku mbili tatu. Akauliza kama mswada ungepita. Nikamwambia ndiyo, kwa kura moja.

Halafu akasema, "Mwaka jana kura ya uongo iliandikwa kwa jina lake, akanyamaza mwaka mzima. Mwaka huu nilihitaji anyamaze dakika moja."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kukutetea, Mjomba. Nilikuwa nimeandaa hata maneno, kwamba ulikuwa mwaminifu kwa mwenzako, kwamba wewe si mtu mbaya, na yote mawili nayaamini. Sikupata pa kuyaingiza.

Makala ya Bunge nimeshaiandika. Ni fupi, ina mambo uliyoniambia na kanuni inayokataza, bila maoni yangu. Mwenye gazeti alitaka kuongeza neno kuhusu undugu, nikamwomba aliondoe. Linatoka Alhamisi.

Kampuni inataka kiwanja kwa ajili ya banda lingine. Wenye tingatinga watakuja kuibomoa nyumba Jumanne asubuhi. Mama hatakwenda. Mimi nitakwenda, gazeti linahitaji picha.

Mpwa wako,
Joleen